Stima Ikipotea: Jenereta, Betri na Mtoto Nyumbani

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na wengi wakaanza kuulizia jenereta au betri ya akiba.

Jenereta ya petroli hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Usiiwashe ndani, jikoni wala kwenye veranda, hata dirisha likiwa wazi. Mtoto akiumwa kichwa, akatapika, akalegea, mtoe nje kwanza, kisha mkimbize hospitali. Mama mjamzito, hewa hii humfikia hata aliye tumboni.

Kwa taa, simu na redio, mimi ningechagua betri ndogo na sola. Betri ya volti 12, ampea-saa 7, ukitumia nusu yake ili isiharibike mapema, huwasha taa mbili za wati 5 kwa muda wa saa 4. Pasi usijaribu!

Betri ya gari ina asidi. Iweke penye hewa, mbali na moto, mtoto asipofika. Asidi ikimrukia machoni, mwoshe papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 20 au zaidi, kisha mpeleke hospitali. Akiimeza, usimtapishe, mpeleke mara moja.