Bunduki ya Kuletewa

Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa wahitimu, Sanje



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya uaskari. Nitasema juu ya bunduki niliyoibeba, kwa maana haikutengenezwa kwetu.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1914 askari wengi wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani walipelekwa vitani na Mauser ya mwaka 1871. Wajerumani kwao walikwisha kuiacha, wakitumia ya mwaka 1898. Ile kuukuu ilipiga risasi moja moja, na baruti yake ilitoa moshi mwingi. Adui aliuona moshi akajua mpigaji alipolala. Hayo yalikuwa makombo.

Jeshi la Wananchi lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo, silaha zilitoka China. Bunduki yao iliitwa Aina ya 56. Sisi tuliiita SMG. Umbo lake ni la Kalashnikov wa Kirusi: magazini ya risasi 30, vyuma vichache, tope haliisumbui sana. Kruta aliweza kuifungua na kuifunga gizani. Ndiyo tuliyovuka nayo Mutukula mwaka 1979, kumfuata Idi Amin aliyevamia Kagera mwaka 1978. Wapo tuliokaa nao madarasa haya ambao hawakurudi.

Lakini vijana, bunduki bila risasi ni rungu. Anayekupa bunduki huku ameshika risasi, amekushika wewe. Taifa lililiona hilo. Miaka ya 1970, kwa msaada wa China hiyo hiyo, kikajengwa kiwanda cha Mzinga cha kutengeneza risasi, mkoani kwetu Morogoro. Ndipo bunduki ile ikaanza kuwa yetu.

Jambo la pili ni hesabu. Nikiwa kruta, risasi moja ilipotea. Kombania nzima tulilala uwanjani mpaka ikapatikana. Nilinung'unika sana. Kisha mwaka 1979 jeshi la Amin likavunjika, ghala la kambi ya Moroto likaachwa bila mlinzi, bunduki zikasambaa Karamoja. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi, kwa miaka mingi. Niliposikia hayo, manung'uniko yangu yalikwisha.

Reli ya TAZARA ipitayo bondeni kwetu nayo tuliletewa. Nanyi mtaletewa mengi. Yapokeeni, lakini jifunzeni kuyatunza, kuyahesabu, na kuyatengenezea vipuri nyumbani.