Kujiuzulu Kulikofichwa: Utumishi wa Jenerali Ludwig Beck



Kamanda wa Kijerumani anayetajwa zaidi katika vitabu vyetu vya historia ni Paul von Lettow-Vorbeck, na ndivyo ilivyo haki, maana vita vyake vilipiganwa katika ardhi hii ya Afrika Mashariki na mizigo yake ilibebwa na mabega ya wazee wetu. Mimi nimeomba nafasi nimzungumzie mwingine, ambaye vita vyake vilikuwa Ulaya: Ludwig Beck, Mnadhimu Mkuu wa jeshi la nchi kavu la Ujerumani kuanzia 1935 hadi 1938. Huyu aliacha kazi kwa kupinga vita ambavyo vilikuwa bado havijaanza. Lakini alikubali pia kwamba wananchi wasiambiwe kuwa ameondoka. Naamini kukubali huko ndiko kulikoharibu hatua yake yote, na ndiko ninakotaka tukutazame kwa makini.

Alizaliwa Biebrich, karibu na Wiesbaden, tarehe 29 Juni 1880. Baba yake alikuwa mtaalamu wa chuma, mtu wa vitabu. Kijana aliingia jeshini mwaka 1898 katika kikosi cha mizinga, akasoma Chuo cha Vita Berlin, na Vita Kuu ya Kwanza akaipitia kama mnadhimu wa Kijerumani kwenye medani ya Ufaransa. Mwaka 1916 alioa. Mwaka uliofuata mkewe akafariki, akamwachia binti mchanga. Hakuoa tena. Waliofanya naye kazi walimjua kwa utaratibu wake: kufika mapema, kusoma mpaka usiku na kuandika kila jambo.

Mkataba wa Versailles uliibana Ujerumani ibaki na askari 100,000 tu, ukafuta na makao makuu ya unadhimu. Wajerumani wakayafufua kwa jina jingine, wakayaita Ofisi ya Vikosi. Beck alipanda ngazi ndani ya jeshi hilo dogo lililojaa kinyongo. Mwaka 1930, akiwa kamanda wa Kikosi cha 5 cha Mizinga, maluteni wake wawili walishtakiwa kwa kueneza siasa za Kinazi kambini. Kesi ilisikilizwa Leipzig, na Hitler mwenyewe akapanda kizimbani kutoa ushahidi. Beck naye alifika mahakamani, akawatetea vijana wake. Nalitaja hili kwa sababu wanaomsifu Beck huliruka. Hitler aliposhika madaraka Januari 1933, Beck alifurahi kama maafisa wengi wa rika lake, akiamini kwamba sasa jeshi litapewa heshima yake.

Katika miaka hiyo hiyo aliongoza uandishi wa mwongozo wa kivita wa jeshi, ulioanza kutolewa mwaka 1933 kwa jina la *Truppenführung*. Sehemu ya mwanzo inasisitiza kwamba vita ni sanaa inayoegemea elimu, na kwamba kamanda wa chini lazima aachiwe nafasi ya kuamua mwenyewe palepale alipo. Maafisa wa nchi nyingi wameusoma. Ninaposhika mwongozo huo huwa najiuliza inakuwaje mtu aliyemwamini luteni kiasi hicho akachelewa vile kuyaamini maamuzi yake mwenyewe.

Oktoba 1933 alikabidhiwa Ofisi ya Vikosi, na Julai 1935 ofisi hiyo ikarudishiwa jina lake la zamani, yeye akiwa Mnadhimu Mkuu. Machi mwaka huo Hitler alikuwa ametangaza kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima na kuunda divisheni 36. Kazi ya kuzipanga ilipitia mezani kwa Beck. Tukubali basi kwamba upanga alioogopa baadaye aliunoa kwa mikono yake. Mwezi Agosti 1934 alikuwa pia amekula kiapo kipya, kilichomfunga kila askari kwa Hitler binafsi badala ya taifa na nchi yake. Kilimsumbua sana, lakini alikitamka.

Novemba 1937 Hitler aliwaeleza wakuu wachache wa majeshi kwamba Ujerumani itajipatia ardhi kwa nguvu, ikianzia Austria na Chekoslovakia. Beck hakuwepo, alisoma kumbukumbu za kikao, akaandika pingamizi. Miezi michache baadaye Waziri wa Vita na Kamanda wa Jeshi waliondolewa kwa kashfa, hii ya pili ikiwa ya kubuni kabisa, na Hitler akashika mwenyewe uamiri jeshi. Kamanda mpya, Walther von Brauchitsch, hakuwa mtu wa kusimama mbele ya bwana wake.

Kuanzia Mei 1938 Beck alimwandikia Brauchitsch nyaraka moja baada ya nyingine. Hoja zake zilikuwa za mnadhimu: tukiivamia Chekoslovakia, Ufaransa na Uingereza zitaingia, vita vitakuwa vya Ulaya nzima, na tutashindwa. Waraka wa Julai 16 ulikwenda mbali zaidi. Alipendekeza majenerali wote wakuu wajiuzulu kwa pamoja, na katika maelezo yake ya siku hizo aliandika kwamba utii wa askari una mpaka pale elimu yake, dhamiri yake na dhima yake vinapomkataza kutekeleza amri. Hata hivyo aliona tatizo liko kwa SS, kikosi cha chama cha Nazi, na vigogo wa chama hicho, akataka hatua hiyo ifanyike kwa jina la Hitler, kama vile mtawala amepotoshwa tu na watu waliomzunguka. Sisi tunaijua vizuri imani hiyo kwamba mkubwa ni mwema, wabaya ni wasaidizi wake.

Agosti 4 majenerali walikutana Berlin. Waraka ulisomwa, na wengi walikubali kwamba vita hivyo ni maangamizi. Brauchitsch alikuwa ameandaliwa hotuba ya kuwataka wasimame pamoja. Hakuitoa. Kikao kikaisha, kila mtu akarudi kwenye kamandi yake. Tarehe 18 Beck aliomba kuondoka, na siku tatu baadaye akakubaliwa.

Hitler alitaka habari hiyo isitangazwe, kwa sababu za uhusiano na nchi za nje, na Beck akakubali. Franz Halder alishika nafasi yake Septemba 1, nchi nzima ikiwa haina habari. Mkataba wa Munich ulitiwa saini mwishoni mwa mwezi huo, na Hitler akapewa Sudeti, eneo la Chekoslovakia, bila risasi kulia. Tangazo la kustaafu kwa Beck lilitoka mwisho wa Oktoba, pamoja na kupandishwa cheo kuwa Generaloberst, cheo ambacho juu yake kulikuwa na umarshali tu. Kwa raia aliyesoma gazeti, huyo alikuwa mzee aliyemaliza utumishi kwa heshima.

Wapo wanaomtetea: alikuwa askari, siri za jeshi si za kupigiwa mbiu, na nchi ilikuwa ukingoni mwa vita. Sikubaliani nao. Kilichofichwa hakikuwa siri ya mizinga wala ya mipaka. Mtu aliyeyajua majeshi yote ya Ulaya kwa hesabu alikuwa amesema vita hivi havifai, na neno hilo lilikuwa silaha pekee iliyobaki mkononi mwake. Angelitamka mwezi Agosti, London na Paris zingesikia, na maafisa wa chini wangejua kwamba mkuu wao hakuchoka bali alikataa. Pengine angefungwa, pengine Munich ingekwenda vilevile. Lakini alinyamaza, na wenzake wakapata ruhusa ya kunyamaza.

Miaka iliyofuata ilimbadilisha. Kutoka nyumbani kwake Lichterfelde, Berlin, akawa nguzo ya waliopanga kumwangusha Hitler, pamoja na Carl Goerdeler, aliyekuwa meya wa Leipzig. Sasa hakusema tena habari ya kushindwa tu; alisema uhalifu. Mwaka 1943 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo uliomdhoofisha, lakini hakujitoa. Ilipangwa kwamba njama ikifaulu yeye awe mkuu wa nchi.

Tarehe 20 Julai 1944, baada ya bomu alilotega Kanali Claus von Stauffenberg ili kumuua Hitler kulipuka, Beck alifika makao ya jeshi mtaa wa Bendler akiwa amevaa kiraia. Habari zikaja kwamba Hitler yu hai. Beck alisema kwamba kwake yeye mtu huyo amekufa, na wote waendelee hivyo. Alimpigia simu Jemadari Kluge, aliyeongoza majeshi ya Ujerumani huko Ufaransa, akamsihi achague upande. Kluge akasitasita, kisha akajitoa. Usiku Jenerali Fromm, mkuu wa jeshi la akiba, aliingia na watu wenye silaha kuwakamata. Beck aliomba aachiwe bastola yake. Alijipiga mara mbili asife, na sajini mmoja akaamriwa kummaliza. Stauffenberg na wenzake watatu walipigwa risasi uani baada ya saa sita.

Jeshi la Ujerumani la leo limempa Beck jina la kambi huko Sonthofen, na sheria ya wanajeshi ya mwaka 1956, kifungu cha 11, inamkataza askari kutii amri ambayo kuitekeleza ni kutenda jinai. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini amri za 1938 zilimfikia Beck kama mipango ya kawaida ya kivita, kila moja ikiwa na saini halali. Ndiyo sababu naomba mjadala wetu usianzie kwenye bomu la Julai 1944, ambalo wengi hupenda kulizungumzia, bali kwenye siku zile za Agosti 1938: afisa mkuu anayeondoka kwa sababu ya dhamiri anawajibika kumwambia nani, na lini?