Mapigo ya Moyo na Sadaka ya Kujitolea

Ndugu zetu katika imani wa Sumbawanga na vijiji vya Ufipa,

Mzee akianguka ghafla, mdomo ukapinda na mkono ukalegea, wengi wetu hukimbilia kutafuta mchawi. Kumbe huenda chanzo kimo kifuani mwake. Yapo maradhi ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu sawasawa. Damu ikituama humo huganda, na bonge lake likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Mgonjwa aweza asihisi lolote kabla ya siku hiyo.

Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wazee zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea walikubali kupimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Waliokutwa na maradhi hayo hawakufika mmoja katika kila mia, kiwango kidogo mno kikilinganishwa na cha nchi tajiri. Elimu hiyo isingepatikana lau wazee wale wangekataa. Lakini Hai si Ufipa, na kipimo cha mwenzako hakielezi moyo wako.

Basi siku watafiti wakibisha hodi, tusikimbie kwa uvumi wa kuuzwa damu. Kipimo cha umeme wa moyo hakitoi damu wala hakiingizi umeme mwilini. Vibandiko juu ya ngozi husoma tu umeme ambao moyo wenyewe huutoa.

Wala tusikubali kwa kumwonea haya daktari. Ridhaa isiyo na elimu si ridhaa. Tuulize: je, utafiti una kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu? Kuna dawa inayojaribiwa, na madhara yake ni yapi? Nani ataona majina yetu? Atakayegunduliwa mgonjwa atatibiwa wapi? Mzee aelezwe kwa lugha anayoielewa, Kifipa ikibidi. Ana haki ya kukataa, au kujitoa katikati, bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Nasi tuna wajibu wa kusema kweli kuhusu dawa tunazotumia, za hospitali na za miti shamba, na kurudi siku tuliyoahidi. Anayeficha hupotosha matokeo, na matokeo yaliyopotoka huwadhuru wagonjwa asiowajua.

Huenda faida isimfikie mtoaji, ikamfikia mjukuu wake. Ndiyo maana tunakuita kujitolea huku sadaka. Nayo hutolewa kwa moyo mkunjufu na macho yakiwa wazi.