Neno la Mapema: Mawasiliano na Kukua kwa Mwenye Biashara Kariakoo

Mada kwa semina ya wamiliki wa biashara ndogo na za kati, Dar es Salaam

Utangulizi

Najua wengi wenu mmewaachia vijana maduka asubuhi hii, saa ambazo mteja wa jumla ndiyo anaingia mjini, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye hoja.

Hoja yangu ni moja. Mwenye biashara hukua kwa kadiri anavyoweza kusema jambo gumu mapema, na kulipokea mapema linapotoka kwa mwenzake. Hasara nyingi tunazosingizia bahati huanzia kwenye habari mbaya iliyokaliwa kimya: mzigo umekwama bandarini na mteja hajaambiwa, deni limepita tarehe na simu haipokelewi, kijana amepungukiwa hesabu akaogopa kusema. Siku ya kwanza jambo hilo hutatuliwa kwa simu moja, na mwezi wa tatu huhitaji wazee, polisi au wakili.

1. Kariakoo na thamani ya jina

Tembea kutoka Msimbazi hadi Lumumba, ukipita Kongo, Swahili na Sikukuu. Utakuta fremu kadhaa zimefuatana, zote zinauza bidhaa ile ile iliyotoka Guangzhou au Yiwu, pengine kwenye kontena moja ambalo wenyewe walichangia. Bei zinapishana kwa mia mbili, mia tatu. Mteja aliyetoka Lubumbashi, Lusaka au Moroni anapoamua kurudi duka fulani mwaka hadi mwaka, ameshamchagua mtu. Amemchagua anayemwambia ukweli kuhusu mzigo hata akiwa mbali, asipoweza kuukagua kwa macho yake.

Soko Kuu letu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Katika janga la namna ile, bidhaa, daftari na fedha za kwenye droo vyote huweza kwenda. Kinachobaki ni jina la mfanyabiashara kwa waliokuwa wakimpa mzigo. Naomba kila mmoja wetu ajiulize swali hili bila kujipendelea: nikiunguliwa leo usiku, ni nani atakayenipa mzigo kesho kwa neno langu tu? Jibu lake ndiyo sehemu ya mtaji wetu isiyoandikwa kwenye hesabu.

2. Neno la mapema kwa mteja

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Ifakara ameagiza doti 40 za khanga za aina moja, sare ya kikundi chake kwa ajili ya harusi. Ametuma fedha kwa simu. Stoo zimo doti 25. Kijana wa dukani anajazia doti 15 za aina nyingine yenye rangi inayokaribiana, anafunga, anapeleka kwenye basi. Moyoni anasema, "Ataelewa tu."

Hataelewa. Mzigo unafika Ijumaa, harusi ni Jumamosi. Wanawake 15 hawana sare, na kila mmoja wao analijua jina la duka. Fedha ya kurudisha mzigo ndiyo hasara ndogo kabisa hapo, maana kikundi kizima kimeondoka.

Sasa sikilizeni simu ambayo ingepigwa kabla ya kufunga mzigo:

"Mama, shikamoo. Napiga kuhusu khanga zako. Zile ulizochagua zimebaki doti 25. Naweza kukutafutia 15 kwa jirani hapa Mtaa wa Uhuru, ila kwake zimezidi shilingi mia tano kila doti. Au nikutumie picha za nyingine ambazo ninazo 40 kamili, uchague. Unasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Tafuta hizo hizo, hiyo mia tano nitaongeza."

Hazifiki dakika mbili. Muuzaji amesema upungufu, ametaja njia mbili, amemwachia mteja uamuzi. Wapo wanaoogopa kwamba mteja akijua unamchukulia mzigo kwa jirani atahama. Mama huyu hatahama, kwa sababu amejua kuwa dukani kwako hadanganywi.

Kanuni hiyo iwafikie pia mawinga wanaotuletea wateja. Winga anatafuta cha juu chake, na hiyo ni riziki yake. Lakini akimwambia mteja kwamba simu ni mpya kumbe imetumika, mteja atarudi kwako wewe mwenye fremu. Kaeni na mawinga wenu, waelezeni bidhaa ilivyo, na wajue kwamba anayeisemea uongo hatapewa tena mzigo.

Na kile kibao cha "Mali ikishauzwa hairudishwi" kinafunga mazungumzo kabla hayajaanza. Sema masharti kwa mdomo wakati wa kuuza, kisha yaandike nyuma ya risiti: "Dada, ikizingua ndani ya siku saba niletee na risiti. Ikianguka au ikiingia maji, hapo sitaweza kukusaidia." Mteja akiyajua masharti kabla ya kulipa, ugomvi wa baadaye hauna pa kuanzia.

3. Neno la mapema kwa anayekudai

Dawa ya deni ni kulipa. Wazee walisema kweli. Lakini kati ya tarehe ya ahadi na siku ya kulipa kuna muda, na uhusiano wa kibiashara hupona au hufa ndani ya muda huo. Mdaiwa anazima simu, anabadili njia asipite Narung'ombe, anamwagiza kijana aseme bosi kasafiri. Anayemdai angeweza kuvumilia kuchelewa kwa wiki mbili. Kukimbiwa hakuvumiliki.

Ujumbe wa mdaiwa aliyekomaa unakuwa hivi, na unatumwa kabla tarehe haijafika:

"Kaka, habari za kazi. Tarehe 15 nilikuahidi milioni mbili. Mpaka leo nimeshika laki nane, nakutumia sasa hivi. Milioni moja na laki mbili nitaimaliza tarehe 30, mteja wa Mbeya akishalipa. Kama tarehe hiyo inakubana, niambie leo tupange vingine."

Ujumbe huo unakiri deni, unaambatana na fedha iliyopo, unataja tarehe na chanzo cha fedha, na unampa mwenye haki nafasi ya kusema. Haumlaumu mtu. Hauna habari ndefu za ugonjwa wala msiba.

Kwa upande wa pili, sisi tunaodai tuache kubandika picha za wadaiwa kwenye status za WhatsApp. Mbali na aibu tunayozitia familia, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba na picha aliyokupa mteja kwa ajili ya biashara itumike kwa biashara hiyo. Mdaiwa akianikwa hadharani, kisheria anaweza kugeuka mlalamikaji, na deni lako likabaki pale pale.

4. Neno la mapema kutoka kwa vijana wa dukani

Hapa mwenye biashara anapimwa zaidi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nguvu. Kijana anakuja jioni: "Bosi, hesabu imepungua elfu thelathini." Ukimfokea mbele ya wateja na majirani, umemfundisha jambo moja, kwamba kusema ni hatari. Safari ijayo atakopa kwa rafiki afukie shimo, kisha atachukua kwenye mauzo ya kesho amlipe rafiki. Wewe utaendelea kuletewa habari njema tu, mpaka siku utakapohesabu mzigo mwenyewe.

Jizoezeni kuanza na maswali: imepungua kwenye bidhaa gani, fedha imeingia kwa lipa namba au taslimu, nani mwingine aligusa droo? Ikibainika ni wizi, hatua zipo na zichukuliwe. Ikibainika kwamba chenji ilizidishwa wakati wateja wamejaa, basi utaratibu wa kaunta ndio wa kurekebishwa.

Baada ya kufunga, tengeni dakika kumi. Ulizeni swali hili kila siku: "Leo nani ameondoka bila kununua, na alitaka nini?" Mauzo mnayaona kwenye mashine ya EFD. Aliyeondoka mikono mitupu haonekani popote, isipokuwa kwenye kumbukumbu ya kijana aliyesimama kaunta. Huyo ndiye atakayewaambia mzigo wa kuagiza safari ijayo.

Tuzungumze pia ujira siku ya kwanza. Wengi wetu tumeleta mtoto wa dada au wa kaka kutoka nyumbani, akafanya kazi miaka kwa nauli na chakula, kila upande ukisubiri mwenzake aanze kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na inataka kuachishwa kazi kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki. Undugu hauifuti sheria hiyo. Mjomba akikaa na mpwa wake wakaandikiana mshahara, muda wa kazi na mapumziko, ndugu hao watasalimiana bila kinyongo hata kazi ikiisha.

5. Neno la mapema kati yetu na serikali

Mei 15, 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo. Manung'uniko yalikuwa ya muda mrefu: kamatakamata ya maofisa wa kodi, makadirio, utaratibu mpya wa kusajili stoo. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana na wafanyabiashara viwanja vya Mnazi Mmoja, wakasimama kueleza yale waliyokuwa wakiyasema chini chini kwenye korido. Usajili wa stoo ulisitishwa. Hata hivyo Juni 24, 2024 maduka yalifungwa tena, na safari hiyo mgomo ulifika hadi mikoani. Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue.

Nalileta hili kama somo kwa pande zote mbili. Duka likifungwa, kodi ya fremu inaendelea kuhesabika, na mteja aliyesafiri siku mbili kutoka Kongo anarudi mikono mitupu. Serikali nayo inakosa mapato ya siku hizo. Yaliyosikilizwa Mnazi Mmoja yalistahili kusikilizwa mapema zaidi, kwenye meza ndogo, na wenye mamlaka wana wajibu wa kuifungua meza hiyo kabla mabati hayajashushwa.

Wajibu wetu ni kufika mezani tukiwa tumejiandaa. Malalamiko yenye tarehe, kiasi, namba ya hati na jina la ofisi yana nguvu kuliko kelele. Tuyapeleke kwa maandishi kupitia jumuiya yetu, tubaki na nakala, tumteue msemaji mmoja. Tena tusimame mahali safi: anayedai haki ya kodi awe anatoa risiti.

6. Kinachotuzuia

Tunanyamaza kwa sababu tatu: aibu, woga na ubosi. Aibu inatuambia watu watajua tumepungukiwa. Woga unatuambia mteja atahama. Ubosi unatuambia mkubwa haombi radhi kwa kijana. Mficha maradhi kilio humuumbua, na msemo huu unaihusu biashara kama unavyouhusu mwili. Hakuna anayezaliwa na ujasiri wa kusema. Unajengwa kwa kuanza na jambo dogo, leo, kwa mtu mmoja.

Kazi ya vikundi

Kila kikundi kijadili, kisha kilete majibu mchana:

1. Taja habari mbaya moja ambayo mteja, mdai au mwenye fremu wako hajaambiwa. Andika ujumbe wa sentensi nne utakaomtumia.
2. Igizeni kijana anayeleta hesabu pungufu. Mwenye duka aulize maswali matatu kabla ya kutoa hukumu.
3. Chagueni kero moja ya mtaa wenu, muiandike kwa ushahidi, na mpange nani ataipeleka, wapi, na lini.

Hitimisho

Ujumbe wa swali la kwanza usibaki kwenye karatasi. Tukitoka kwa chai, kila mmoja autume, au apige simu. Majibu yatakayorudi kabla ya mchana yatatupa mengi ya kujadili kuliko mada hii.

Nawasilisha.