Mtoto Akichelewa Kusema, Msingoje
Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kibera na Kawangware



Kila siku kabla ya jua kuchomoza, kina mama wa Laini Saba, Gatwekera na Gatina huwaacha watoto kwa mlezi wa mtaa na kushika njia kutafuta kibarua. Wakirudi, giza limeingia na mtoto amelala. Katika maisha ya namna hii mtoto anaweza kufika miaka miwili na nusu bila neno na asigunduliwe. Mlezi ana watoto wengi, na yule mnyamavu ndiye asiyemsumbua. Mama akiuliza, majirani humtuliza: "Wavulana huchelewa, hata babake alichelewa."

Hilo la kungoja ndilo linalowagharimu watoto. Miaka ya kwanza ndiyo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi zaidi.

Mtoto wa mwaka mmoja huitika jina lake na hubabaika "mamama" na "dadada". Akifika mwaka na nusu, awe na maneno kadhaa yenye maana. Akifika miaka miwili, aunganishe mawili, kama "leta maji". Wa miaka mitatu anaeleweka kwa kiasi kikubwa hata na mgeni. Mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza apelekwe kliniki upesi, awe na umri wowote. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kile cha chanjo, kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Wengi hawaufungui.

Jambo la kwanza kupimwa ni masikio. Mtoto asiyesikia hawezi kuiga sauti, na usaha unaotoka sikioni mara kwa mara si jambo la kawaida la utotoni. Wengine walichelewa kulia walipozaliwa, au walipata manjano kali. Wengine wana usonji, mtindio wa ubongo au mdomo uliopasuka. Wengine hawana ugonjwa wowote unaojulikana, ila lugha inawawia ngumu.

Kuna lawama moja inayobebeshwa wazazi wetu bure. Huambiwa wamemchanganya mtoto kwa Kiluhya nyumbani, Kiswahili kwenye ploti na Sheng barabarani. Lugha nyingi hazisababishi tatizo la usemi. Mtoto mwenye tatizo huwa nalo katika lugha zake zote, na maneno yake huhesabiwa kwa jumla, si kwa lugha moja. Mama aseme naye lugha anayoiweza vizuri kuliko zote, iwe Kinubi, Dholuo au Kikamba.

Na msikubali mtoto akatwe uzi wa chini ya ulimi, wala kimio, kwa wembe wa mtaani. Damu na maambukizi vinaweza kumuua, na maneno hayatakuja.

Anzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu na mwombe barua ya rufaa. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambayo wakazi wa Kibera huifikia kwa miguu, ina wataalamu wa usemi. Kwa upande wa shule, Wizara ya Elimu ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, mpango ulioanza mwaka 1984. Wataalamu ni wachache na foleni ni ndefu, kwa hivyo kazi kubwa hufanyika nyumbani. Mama anayeosha vyombo ataje kikombe na sahani, anyamaze kidogo, ampe mtoto nafasi ya kujibu. Mtoto akisema "maji", mama aongeze: "Maji baridi." Dakika kumi kila jioni zinatosha kuanzia, bila televisheni.

Kigugumizi mara nyingi huanza kati ya miaka miwili na mitano, na watoto wengi hupona. Msimmalizie sentensi, wala msimwambie "sema pole pole". Kikiendelea kwa miezi, mpelekeni.

Tusiwasahau watu wazima. Mdomo ukipinda ghafla upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, hiyo yaweza kuwa kiharusi. Andikeni saa ilipoanza na mkimbilie hospitali kubwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya takriban saa nne na nusu, na daktari huanza kwa kuuliza saa hiyo.

Baada ya hapo familia nyingi humpeleka mzee ushago na kumchukulia kama mtoto. Hapo hukosea. Mtu aliyepoteza maneno mara nyingi bado anaelewa mengi na anazijua shughuli zake. Huenda akajibu "ndiyo" akimaanisha "hapana", basi mwonyesheni kitu au picha achague. Lugha moja inaweza kurudi kabla ya nyingine, hivyo akijibu kwa Kiluhya alipoulizwa kwa Kiswahili, hakukusudia dharau. Ongeeni naye kwa sentensi fupi, mmoja mmoja, redio ikiwa imezimwa.

Mkiona anakohoa kila anapokunywa maji au chai, msiendelee kumnywesha akiwa amelala chali. Mketisheni wima na mumrudishe hospitali, kwani kinywaji kinachoingia mapafuni huleta nimonia. Mtaalamu wa usemi ndiye pia anayepima jinsi mgonjwa anavyomeza, na ndiye atakayesema kama uji uwe mzito au mwepesi.