Mafaili Yanayoharibika Mara kwa Mara kwenye Kompyuta ya Nyumbani: Tupime RAM Kabla ya Kupiga Windows

Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta na walimu wa TEHAMA



Waandaaji wamenipa mada ya uchunguzi na matengenezo ya kompyuta za nyumbani ambazo mafaili yake huharibika kila baada ya muda. Maoni nitakayoyatoa ni yangu, si msimamo wa ofisi ninayoitumikia, na sitataja duka wala kampuni yoyote ya matengenezo.

1. Maana na vyanzo

Tunasema faili limeharibika pale kompyuta inaposoma kitu tofauti na kilichoandikwa. Vyanzo vyake wote hapa tunavijua: umeme kukatika ghafla, diski kuchoka, kebo mbovu, virusi, flashi bandia inayojionyesha kuwa na ujazo isio nao, na RAM mbovu.

Kuhusu umeme nina neno moja. Mfumo wa NTFS, uliokuja na Windows NT mwaka 1993, huweka rejesta ya mabadiliko ambayo huokoa mpangilio wa diski umeme ukikatika. Rejesta hiyo hulinda taarifa za majina ya mafaili na mahali yalipo. Hailindi barua uliyokuwa katikati ya kuihifadhi. Stebilaiza nayo hurekebisha volteji tu, haina akiba ya umeme. Kwa mteja ambaye mtaani kwake umeme hukatika ovyo, UPS si anasa.

Kuhusu diski, programu kama CrystalDiskInfo husoma taarifa za SMART bure. Namba 5 na 197, yaani sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa, zikizidi kupanda, okoa data kwanza, mengine baadaye. Ikiwa hizo zimetulia na inayopanda ni namba 199, shuku kebo ya SATA. Kebo ni ya bei ndogo, na kuna diski nzima zinazotupwa kwa sababu yake.

2. RAM, tatizo tunalolikwepa

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka tulijadili. Mteja analeta mashine yake. Picha za harusi zinafunguka nusu ya juu, chini ni kijivu kitupu. Faili la Word linakataa kufunguka. Windows inadai faili fulani la mfumo limeharibika. Fundi anafanya nini? Anapiga Windows upya. Mashine inaondoka inakimbia vizuri na mteja analipa. Baada ya wiki chache inarudi na ugonjwa uleule, inapigwa Windows tena, analipa tena. Haya nimeyasema vikaoni mwaka hadi mwaka na kuyaandika kwenye ripoti, na bado ndiyo tiba ya kwanza mjini.

Fundi mwangalifu kidogo ataendesha DISM na sfc. Ni zana nzuri, lakini hurekebisha mafaili ya Windows peke yake. Picha ya harusi haizihusu. Tena, kama kinachoharibu ni RAM, hata faili lililorekebishwa asubuhi linaweza kuharibika jioni.

Tuangalie kwa karibu kinachotokea. Tarakimu 4 na 5 katika faili la maandishi hutofautiana kwa biti moja tu: 4 huhifadhiwa kama 00110100, na 5 kama 00110101. Biti hiyo ikigeuka ndani ya RAM wakati hesabu za familia zinahifadhiwa, 400,000 inaandikwa 500,000 na kompyuta haitoi onyo lolote. Kwenye picha ya JPEG, biti moja inaweza kuvuruga kila kitu kuanzia hapo kwenda chini. Faili la docx kwa ndani limefungwa kama zip, na zip hukagua yaliyomo. Ndiyo maana Word inaligomea. Kwa maana hiyo faili linalokataa kufunguka lina nafuu, kwa sababu limesema ukweli. La kuogopwa ni lile linalofunguka likiwa na namba isiyo yake.

Seva huwekewa RAM ya ECC, inayogundua na kusahihisha biti moja iliyogeuka. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina. Mwaka 2009, watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha uchunguzi wa seva za Google na kukuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vikipata kosa angalau moja kwa mwaka. Hizo ni seva za kwenye vyumba vyenye ubaridi na umeme wa uhakika. Sisi tunahudumia mashine za mtumba zilizochanganyiwa RAM za aina mbili au tatu, vumbi limejaa, na huku pwani hewa yenyewe ina chumvi na unyevu.

Naomba hapa tuelewane vizuri, maana ndipo data za watu zinapopotelea. Kuendesha chkdsk /f kwenye mashine yenye RAM mbovu ni hatari. Programu hiyo husoma orodha ya mafaili kupitia RAM ileile. Ikisomeshwa vibaya, huona kosa ambalo kwenye diski halipo, kisha hulirekebisha kwa kuandika upya kilichokuwa kizima. Ndipo unakuta folda ya FOUND.000 imejaa vipande vya chk visivyo na majina, na mteja anaambiwa diski ilikuwa mbovu. Kunakili data kwenye diski ya nje kabla ya kupima RAM kuna hatari ileile: nakala hupita kwenye RAM, ikaharibikia njiani.

Kipimo cha haraka kipo ndani ya Windows. Chagua faili kubwa kuliko RAM ya mashine, video ndefu kwa mfano, kisha andika certutil -hashfile, jina la faili, na SHA256. Rudia mara kadhaa. Ukubwa una maana: faili dogo Windows hulisoma tena kutoka kwenye RAM badala ya diski, likakupa jibu lilelile. Faili ambalo halijaguswa likitoa majibu tofauti, tatizo liko njiani: RAM, kebo au ubao mama. Hapo usiandike chochote kwenye diski hiyo.

Kipimo kamili ni Memtest86+, inayowashwa kutoka kwenye flashi bila kupitia Windows, kwa kuwa Windows yenyewe inakalia sehemu ya RAM. Iache usiku kucha. Kosa moja linatosha kuikataa RAM. Habari ya "ni kosa moja tu" sikubaliani nayo. Likionekana, rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, maana XMP huipandisha RAM kasi ambayo pengine mashine haiimudu. Safisha miguu ya RAM kwa alkoholi safi, kisha pima kipande kimoja kimoja, tundu moja moja.

3. Mapendekezo

Napendekeza pasiwe na kupiga Windows kwenye mashine iliyorudi na tatizo la mafaili mpaka RAM ipimwe.

Napendekeza data iokolewe kwa kuitoa diski na kuiunganisha kwenye mashine nyingine inayoaminika. Diski inayokufa inakiliwe yote kwa ddrescue kabla ya kujaribu matengenezo.

chkdsk /f iwe hatua ya mwisho, baada ya SMART, kebo na RAM. Nimeshalisema, narudia kwa makusudi.

Vyuo vinavyofundisha ufundi wa kompyuta viweke upimaji wa RAM kwenye mazoezi ya vitendo na kwenye mtihani. Najua mitaala ina wenyewe na taratibu zake. Naomba tu lifikishwe.

Wanaouza RAM za mtumba wazipime kabla ya kuuza, na mnunuzi aruhusiwe kuirudisha ikionyesha kosa.

Familia zishauriwe kutunza nakala za vipindi tofauti. Nakala moja inayoandikwa juu ya ile ya jana hupokea uharibifu wa leo na kufuta kilichokuwa salama.

Umeme nao usisahauliwe: UPS kwanza, stebilaiza baadaye.

Na fomu ya kupokelea mashine iongezwe mstari mmoja: RAM imepimwa kwa muda gani, makosa mangapi, nani amepima. Mteja apewe nakala yake, ili mashine ikirudi, fundi atakayeipokea ajue pa kuanzia.