Kocha wa Barua

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika chakula cha jioni cha mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliniomba niseme juu ya michezo, kwa kuwa shule imepata mwalimu mpya wa mpira, akaniongezea kwamba nisizidi dakika kumi maana pilau inapoa. Nitajitahidi.

Nitawapeleka mbali kidogo, Marekani, mwaka 1913. Huko South Bend, katika jimbo la Indiana, kilikuwapo chuo kidogo cha Kikatoliki kiitwacho Notre Dame. Leo kina sifa kubwa. Wakati ule vyuo vikubwa vya jirani vilikataa hata kucheza nacho. Mpira wenyewe si huu wetu. Una umbo la yai, hubebwa mikononi, na watu huangushana chini kwa ruhusa ya mwamuzi. Mwaka huo akaja kocha mpya, Jesse Harper, akitokea chuo cha Wabash.

Wengi wakimsimulia Harper huanzia uwanjani. Mimi, mtu wa mafaili, naanzia mezani kwake. Majirani walipokataa, alikaa akaviandikia barua vyuo vya mbali: Penn State, Texas, na chuo cha maofisa wa jeshi cha West Point, New York. Wanajeshi wakakubali. Harper akadai dola 1,000 za gharama, akapewa. Inasimuliwa kwamba walisafiri wachezaji 18 na viatu jozi 14. Ninyi tuliocheza pamoja mnalielewa hilo bila kufafanuliwa.

Likizo ya kabla ya msimu, nahodha Knute Rockne na mrushaji Gus Dorais walifanya kazi Cedar Point, ufukweni mwa ziwa Erie. Walichukua mpira, na kila walipopata nafasi mmoja alirusha, mwenzake akakimbia kuudaka. Kuurusha mbele kuliruhusiwa tangu 1906, wala si wao walioanza. Lakini timu nyingi bado zilipenda kusukumana kwa mabavu.

Tarehe 1 Novemba wakakutana na wanajeshi. Hadi mapumziko Notre Dame iliongoza 14 kwa 13 tu. Kipindi cha pili mipira ikazidi kupita juu ya vichwa vya wenyeji. Dorais alirusha mara 17, mipira 14 ikadakwa. Mwisho, 35 kwa 13. Hakuna timu nyingine iliyowafunga wanajeshi mwaka ule, na Notre Dame ilishinda michezo yake yote 7, ule wa Texas kwa 30 kwa 7. Aliyepata jina kubwa ni Rockne, aliyekuwa kocha mwaka 1918. Harper alikwenda Kansas kufuga ng'ombe.

Sasa ya hapa nyumbani. Mwalimu wetu mpya naye ameandika barua. Aliomba gari la kuwapeleka vijana kwenye mechi mbili za ugenini. Gari halikuja, na wapinzani wakapewa pointi bila jasho. Mimi najua kwa nini. Barua ilipokewa masijala, ikatiwa kwenye jalada, ikaletwa mezani kwangu. Niliona jina la shule yangu, nikafurahi, nikaandika pembeni "Tuzungumze", nikaiweka kwenye trei. Sikuzungumza na mtu. Ilikaa wiki sita. Mwalimu Mkuu hakuwa na habari hizi mpaka dakika hii, na naona anavyonitazama.

Vijana mliovaa jezi mkasubiri getini siku ile, niwieni radhi. Juzi nimepata idhini ya gari kwa mechi tatu zilizobaki, na dereva ameambiwa awe hapa saa kumi na mbili asubuhi. Mwalimu, nasikia iko barua nyingine, ya kuomba mipira. Hiyo haijanifikia. Kama una nakala, nipe mkononi kabla sijaondoka.